Moshi wa Namba Ishirini na Tisa

Duka la Kabiru,
Kambi ya Miwati, njia ya Ziwa,
Eldoret.
10 Machi 1968

Kwa ndugu yangu Gichuru,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko magome yaliyorundikwa hapa nje ya mlango wangu. Mimi mzima, mwanangu Thuo mzima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Wasiwasi wangu ni Mama na magoti yake. Msalimie, mwambie hata huku kuna kanisa, asije akadhani nimehamia porini.

Usishangae hati hii inayoyumba. Ni mimi mwenyewe ninayeandika! Kila Jumatano Mwalimu Musimbi anatufundisha sisi gumbaru, watu wazima wenye mvi zetu, ndani ya ghala la zamani la kukaushia magome. Anafundisha kwa Kiswahili, maana darasani tuko Wakikuyu, Waluhya, Mjaluo mmoja na bibi mmoja Mnandi, na hakuna anayekubali lugha ya mwenzake ipewe ubao. Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kupata barua yangu. Itunze vizuri.

Sasa nikueleze mahali hapa, kwa kuwa ulinunua hisa yako na hujapaona. Shamba lilikuwa la Kaburu. Alipanda miwati tu, mstari kwa mstari mpaka mtoni, akiuza magome kwa kiwanda cha mjini kinachotoa dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Uhuru ulipokuja akafunga mizigo. Sisi wa kampuni ya kununua ardhi tumeingia familia arobaini na moja. Tuna josho la ng'ombe, tuna duka la Kabiru lenye benchi moja na maneno mengi, na tuna ghala ambalo ni shule Jumatatu, gumbaru Jumatano na kanisa Jumapili. Mchana kutwa unasikia shoka. Tunakata miwati, tunachuna magome, lori linabeba, na palipobaki visiki tunapanda mahindi. Kila mtu hapa ana mikono myeusi kwa utomvu, hata mchungaji.

Mashamba tuligawana kwa kura. Mzee Isaiah, katibu wa kamati, alitia namba zote ndani ya kofia yake. Kwa kuwa hukuwepo, nikachota kwa niaba yako. Nilitia mkono, nikautoa mtupu kwa woga, watu wakanicheka, nikautia tena. Namba 29! Inapakana na yangu, na chini ina kijito. Nilipiga kigelegele mpaka Kabiru akafunga duka aje kuona nani anaolewa.

Nyumba yako nayo imesimama. Jumamosi iliyopita majirani walikuja kwa desturi ileile ya kwetu, nyumba ianze na kuisha siku moja. Wanaume wakachimba mashimo na kusimamisha nguzo, wanawake tukaleta nyasi na kukandika udongo. Mlango ulitengenezwa na Ogola, fundi seremala kutoka kando ya ziwa Victoria, mtu mrefu asiyejua kunong'ona.

Kinachobaki ni wewe. Kamati ina sheria moja ambayo haina huruma. Mwisho wa kila mwezi, asubuhi na mapema, Mzee Isaiah hupanda juu ya paa la ghala na kuhesabu moshi. Nyumba isiyotoa moshi miezi mitatu, mwenyewe anahesabiwa hayupo, na shamba linapewa mwingine. Wanaongoja ni wengi kuliko sisi tuliopata. Njoo basi, wewe na Mama. Ardhi yako ina miaka yote hii inakungoja, usiiache isimame mlangoni.

Ni mimi dada yako, sasa mwandishi,
Waithira


Laini ya Juu, Nyumba 17,
Ruiru.
21 Aprili 1968

Kwa dada yangu Waithira,

Nakusalimu wewe na mpwa wangu Thuo. Barua yako ilikaa njiani majuma matatu, lakini imefika. Niliposema ni mkono wako, Mama aliichukua akaigeuza juu chini, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaitia ndani ya Biblia yake. Hata mimi nilijivuna. Niliwaonyesha wanyapara wenzangu bahasha.

Huku tuko salama. Kahawa imetoa maua na kambi nzima inanukia. Tajiri mpya amepaka nyumba zote za laini ya wafanyakazi chokaa, na sasa namba 17 inang'aa mpaka tunaogopa kuegemea ukuta. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anatembea kuliko mimi.

Nimefurahi kusikia habari ya kura, na uwashukuru sana majirani walionijengea. Kazi ya palizi ni nyingi, siwezi kuomba ruhusa sasa. Je, mvua imeanza huko?

Ni mimi ndugu yako,
Gichuru


Kambi ya Miwati,
16 Juni 1968

Kwa ndugu yangu Gichuru,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi wazima, isipokuwa nina kikohozi kidogo cha kuni mbichi. Kitaisha.

Umeniuliza kama mvua imeanza. Mimi nilikuuliza unakuja lini. Mmoja wetu sasa atajibiwa: mvua imeanza, tena kwa vishindo. Mahindi yamenifika kiunoni. Kiprono wa ng'ambo ya mto, anayetuletea maziwa, anasema udongo wa miwati ukishapumzika utatupa mahindi mpaka tuombe radhi. Alipotuona tunapanda mashimo yamekaribiana kama ya maharagwe alikaa chini kabisa akacheka, kisha akainuka akatuonyesha hatua za kupima. Siku ya soko tunakwenda mji wa Ziwa kwa miguu kundi zima, tunarudi na kuku, na habari za watu tusiowajua.

Nina jirani mpya ambaye lazima nikutajie. Anaitwa Nelima, mjane kama mimi, anafuma sweta. Anaongea polepole na anacheka haraka. Sisemi zaidi. Wangari mkeo amelala salama miaka sita sasa, naye hakuwa mtu wa wivu.

Kuhusu moshi, usiwe na wasiwasi wowote. Mzee Isaiah amepanda ghala mara tatu na hajalalamika juu ya namba 29. Usiniulize kwa nini. Wewe fanya haraka tu.

Dada yako,
Waithira


Ruiru,
25 Agosti 1968

Kwa dada yangu Waithira,

Salamu nyingi. Mama yuko salama, nami niko salama, au nilidhani hivyo mpaka juzi.

Juzi karani aliniita ofisini akanipa barua yenye muhuri wa kampuni yenu. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Ndugu Mwanachama wa Namba 29. Kamati inakupongeza kwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuhamia. Hata hivyo, hukuonekana siku ya kazi ya pamoja ya kuchimba mtaro wa barabara, wala siku ya josho. Tunaelewa ugumu wa lindo la usiku, lakini jitahidi. Pia Fundi Ogola anakushukuru kwa shoka. Wako, Isaiah, Katibu."

Dada, mimi nimehamia lini?

Ninalinda nini usiku? Shoka gani? Nimeisoma barua hii nikitembea, nikaisoma nimekaa, nikaisoma tena kitandani. Inaonekana kuna Gichuru mwingine huko, mtu mwema anayeazima watu shoka na kuchukiwa mtaroni. Nisalimie huyo. Kisha uniandikie ukweli, na uandike haraka.

Ndugu yako wa Ruiru, ambaye hajatoka Ruiru,
Gichuru


Kambi ya Miwati,
22 Septemba 1968

Kwa ndugu yangu Gichuru,

Salamu. Kaa chini kwanza.

Ni mimi. Kila asubuhi, kabla sijakamua ng'ombe, nachukua makaa kutoka jikoni kwangu juu ya kigae, naruka ua, naingia kwako na kuwasha moto. Naweka kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Nafanya hivyo tangu Machi. Kikohozi changu sasa unakijua.

Nilidhani ingekuwa wiki mbili tu. Lakini moshi ukionekana, watu huuliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema umepata kazi ya lindo mjini, unatoka jioni, unarudi asubuhi kulala. Uongo ukishazaliwa, ndugu yangu, unaomba chakula. Ogola akaja kuazima shoka, nikampa langu nikasema ni lako. Nelima akasema mtu anayelinda usiku katika baridi hii ya Eldoret ataumwa kifua, akakufumia sweta. Aliuliza kipimo cha mabega. Nikamwambia apime kwa Ogola, apunguze kidogo. Sweta ninayo hapa, ya kijani, na kila nikiiona naona haya.

Sasa nikuambie la Julai, kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu. Asubuhi moja nilijaza kuni kupita kiasi, nikaenda kukamua. Moshi ukatoka kwenye nyasi za paa pande zote. Ogola akaona. Akapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto: "Gichuru anaungua!" Watu wakaja na madebe ya maji. Ogola akauvunja mlango aliouchonga kwa mikono yake, akaingia akipapasa kitanda, akikuita jina. Nelima analia. Mimi nimesimama na kibuyu cha maziwa.

Ogola akatoka akikohoa. "Mama Thuo, huyu ndugu yako analala aje? Mtu anaungua na hata hatoki! Kitanda iko baridi!"

Nikasema, "Leo ameenda kazi mapema."

"Asubuhi? Si yeye hulinda usiku?"

"Wamembadilishia zamu."

Mzee Isaiah alikuwa nyuma ya watu, na debe lake mkononi. Alinitazama tu. Kisha akamwagia maua yangu yale maji na kwenda zake.

Ndugu yangu, nimecheka nikiandika haya, lakini mwisho wa kicheko umekaribia. Kamati imetangaza kwamba savea wa serikali atakuja Jumatatu tarehe 16 Desemba kupima mashamba kwa mara ya mwisho. Siku hiyo moshi hautoshi. Kila mwenye shamba atasimama mwenyewe kwenye kigingi chake na kujibu jina lake. Asiyejibu, jina linafutwa papo hapo na la mwingine linaandikwa. Siwezi kusimama kwenye vigingi viwili. Na sauti yako siwezi kuiga.

Nimefanya yote haya kwa sababu nataka Mama aamke siku moja mahali ambapo hakuna kengele ya tajiri ya kumwamsha. Niambie kinachokuzuia. Si palizi. Palizi haichukui miezi sita.

Dada yako mwongo,
Waithira


Ruiru,
27 Oktoba 1968

Kwa dada yangu Waithira,

Nakusalimu. Mama anaendelea vizuri. Sijamsomea barua yako yote. Nilimwambia tu kwamba unasalimu na kwamba mahindi ni mazuri.

Nilicheka juu ya Ogola mpaka nikatoka nje ili Mama asiulize. Halafu nikashindwa kulala. Umeuliza, nami nitakujibu mara moja, usiniulize tena.

Naogopa.

Nilizaliwa namba 17, na Wangari alitolewa namba 17 kwenda kuzikwa. Najua kahawa, Waithira. Nikishika jani gizani nitakuambia mti una ugonjwa gani. Mahindi nayajua kwenye sahani. Nikija huko nitakuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu anayefundishwa hatua za kupima mashimo na kuchekwa na muuza maziwa.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Kabla sijazaliwa Baba aliambiwa shamba la Githunguri ni lake, wakalichukua. Wakati wa hali ya hatari tukaambiwa kijiji kile ni chetu, wakatuhamisha mara mbili, mpaka tukarudi namba 17. Kila tulipoambiwa "hapa ni penu" tuliishia barabarani na vyungu kichwani. Hapa laini hakuna anayeweza kuninyang'anya kitu, kwa sababu hakuna kilicho changu. Nimezoea hivyo na nalala usingizi. Nikipewa ekari saba nitakuwa naamka kila siku kuangalia kama bado zipo.

Mwachie mtu mwingine namba 29. Mwambie Mzee Isaiah ukweli, omba msamaha, pumzisha kifua chako. Sweta mpe Ogola.

Ndugu yako akupendaye,
Gichuru


Ruiru,
20 Novemba 1968

Waithira,

Sina nafasi ya salamu. Mama hayupo!

Jumatatu nilipotoka kuchuma nilikuta mlango umerudishwa, kiondo chake kikubwa hakipo, Biblia haipo, shali haipo. Nimekwenda kanisani, hospitalini, kwa chifu, nimekwenda mpaka mtoni. Mke wa mchungaji naye amesafiri, hakuna wa kumwuliza. Wachumaji wote wameacha kazi wananisaidia kutafuta.

Kuna jambo moja nisiloelewa. Mwizi angechukua redio. Redio ipo. Lakini jikoni limeondoka figa moja. Yamebaki mawili, na majivu yamefagiwa vizuri.

Kama unajua lolote, niambie kwa njia ya haraka kuliko zote.

Gichuru


SIMU YA MAANDISHI
Eldoret, 21 Novemba 1968

MAMA YUKO HAPA MZIMA. AMELETA JIWE. BARUA YAJA. WAITHIRA


Kambi ya Miwati,
24 Novemba 1968

Kwa ndugu yangu Gichuru,

Pole, pole sana ndugu yangu. Amefika Jumanne, na Kabiru huenda mjini Alhamisi tu, ndiyo maana simu ilichelewa. Nilitaka kwenda kwa miguu mimi mwenyewe, Mama akanizuia. Akasema, "Mwache aogope siku mbili. Mimi amenificha miezi miwili."

Kumbe wewe ukimsomea nusu ya barua, yeye huipeleka nusu nyingine kanisani! Kila barua iliyoingia kwenye Biblia yake, mke wa mchungaji alimsomea Jumapili baada ya ibada, neno kwa neno. Alijua habari za moshi. Alijua habari za sweta. Alijua tarehe 16 Desemba. Alikuwa akingoja wewe useme, na hukusema. Basi mke wa mchungaji alipokuwa anasafiri kwenda Nakuru kwa bintiye, Mama akapanda treni pamoja naye. Kutoka Nakuru akaja peke yake, akiwauliza abiria kila kituo, "Hapa ndipo Eldoret?" Mpaka walipofika kweli behewa zima likamwimbia.

Nilikuwa natoka nyumbani kwako na kigae changu cha makaa nilipomwona kwenye njia ya miwati. Mwanamke mdogo mwenye kiondo kikubwa kinachomvuta shingo nyuma. Nilidhani naota. Kigae kilinianguka. Nilipokipokea kile kiondo nusura kinipeleke chini. Nikauliza, "Mama, umebeba nini?"

Akasema, "Jikoni kwangu. Kadiri nilivyoweza."

Alikataa kuja kwangu. Aliingia namba 29, akatazama pale ninapowashia, akasema, "Hapa panachomwa takataka, hapapikwi." Akafagia. Akaweka lile figa lake jeusi. Nikamletea mawe mawili mazuri ya mtoni, akayakataa. Akakubali matofali mawili ya Ogola, akasema hayo ni wageni, wataondoka. Akapika uji wa wimbi.

Mzee Isaiah alikuwa anapita na mpini wa jembe. Akasimama nje ya ua, akavua ile kofia ya kura. Mimi nikaona leo ndiyo leo. Nikamwendea nikaanza kuungama yote, lindo, shoka, zamu, yote. Akaniinulia mkono.

"Mama Thuo," akasema, "leo ndio mara ya kwanza moshi wa twenty-nine unanukia chakula. Hiyo ingine yote ilikuwa moshi bure."

Nikamwuliza, "Ulijua, na ukanyamaza?"

"Kamati ilinituma nihesabu moshi. Haikunituma ninuse."

Basi, ndugu yangu, tukacheka hapo uani mpaka nikashika mti. Kumbe ile barua yenye muhuri alikutumia makusudi. Alisema alitaka kuona kama moshi wa huku utakufikia macho. Lakini akaacha kucheka akasema savea si mtu wa hapa, na siku ile hata yeye hawezi kukusaidia. Jina likiitwa lazima mdomo ujibu.

Na kijiji chote kilikuwa kinajua, Gichuru! Tangu Ogola alipogusa kile kitanda. Walikuwa wananihurumia wasiniambie. Ogola alirudisha shoka akasema, "Mwambie mlinzi asante." Nelima peke yake ndiye aliyekasirika wakati ule, siku moja nzima, kwa kuwa alililia mtu ambaye hakuwemo. Jioni ya siku Mama alipofika, akaja akachukua ile sweta. Akaibana mabega zaidi, kwa kipimo alichopewa na Mama.

Jioni hiyohiyo nilimsomea Mama barua yako ya Oktoba. Yote. Alicheka ulipotaja muuza maziwa. Uliposema unaogopa hakucheka. Akasema niandike maneno yake haya, na nimeyaandika bila kuongeza:

"Mwanangu, hata mimi naogopa. Nilikuwa nikiogopa kutoka Nakuru mpaka hapa. Unasema laini hakuna kilicho chetu. Chokaa ni yao, lakini masizi ya namba 17 ni yangu. Nimeyapika miaka arobaini na mitatu. Jiwe moja nimeleta. Yale mawili yamenishinda uzito. Niletee jikoni kwangu."

Amelala sasa. Jana na juzi ameamka jua limeshapanda, akauliza kengele imekosa nini.

Figa moja haliinjiki chungu. Hilo umelijua kabla yetu sote.

Dada yako,
Waithira


Ruiru,
8 Desemba 1968

Kwa dada yangu Waithira, na Mama,

Salamu zangu zote. Natumaini Kabiru ataichukua barua hii Alhamisi, kwa maana nitakuwa nyuma yake kidogo tu.

Mama alijua anachofanya. Simu yako ilipofika nilimshukuru Mungu, nikakaa siku tatu nikiwa nimeudhika. Siku ya kwanza nilipanga sufuria juu ya yale mafiga mawili. Uji ukamwagika wote. Siku ya pili nikaegemeza sufuria ukutani, nikachafua chokaa ya tajiri na uji ukamwagika. Siku ya tatu nikaokota jiwe la tatu barabarani. Likapasuka kwa moto kwa mlio mkubwa, majirani wakatoka nje, nami nikabaki pale na uji kwenye suruali. Nilianza kucheka peke yangu, Waithira, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Niliona nyumba ile haikuwa imeniweka mimi. Ni Mama alikuwa ameniweka, na ameshahama.

Nimeaga. Tajiri alishangaa, akauliza kama nataka nyongeza. Nikamwambia nataka kupeleka mawe kwa mama yangu. Alidhani nimechanganyikiwa, lakini alinipa mkono. Wachumaji walinipigia makofi tangu laini mpaka lango. Kaburini kwa Wangari nilikwenda Jumapili iliyopita, nikapalilia, nikamwambia habari zote, hata za sweta. Sikusikia akikataa.

Bado naogopa. Sitaki mseme nimekuja kama shujaa. Huenda nitaamka kila siku kuangalia kama ekari zipo. Basi nitakuwa naamka mapema, na mkulima haharibikiwi kwa kuamka mapema. Mwambie Kiprono ajiandae kucheka. Mwambie Ogola mlango ule nitamsaidia kuutengeneza, mradi asiniokoe tena. Mtaro wa barabara nitachimba sehemu yangu yote. Lindo nimeacha.

Nafika Jumamosi tarehe 14 kwa treni, na mzigo wangu ni gunia moja. Mpagazi wa hapa amelijaribu akaniuliza kama nimeua mtu. Jumatatu savea akiita Namba 29, nitajibu mpaka asikie aliye Ziwa.

Ombi langu ni moja. Jumapili asubuhi Mama aondoe matofali ya watu, na asiwashe. Wewe nawe usiruke ua. Kaa kitandani, pumzisha kifua. Ukiona moshi, ujue ni mimi.

Ndugu yenu,
Gichuru